Kiuno cha Murielle

Jambo la kwanza ambalo mtu alilitambua kwa Victorine halikuwa uso wake, wala cherehani yake nyeusi iliyokaa dirishani, bali kidole gumba cha mkono wake wa kulia. Alikuwa amekikandamiza kwenye kioo cha simu, meno yameumana, macho yametoka, kama mtu anayeua kunguni. Mteja aliyesimama mlangoni alibisha hodi mara mbili kabla ya kuitikiwa, na alipoitikiwa, hakutazamwa.

"Karibu, mama, keti. Ninamalizana na huyu."

"Na nani?"

"Na huyu wa gofu."

Gofu ilikuwa programu ya mchezo iliyokuja na simu. Programu ambayo mtu ameiweka mwenyewe, akiikandamiza kwa kidole, hutokea neno la kuifuta. Ya gofu ilipokandamizwa ilitoa neno jingine tu: zima. Victorine alilijua neno hilo, alikuwa ameliona mara mia, lakini kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, alijaribu tena. Huenda leo imelegea, alisema.

Alikuwa mtu wa Bukavu, fundi wa nguo za kike, na tangu mwaka 2009 aliishi ugenini kusini, mtaa wa Bertrams, mitaa miwili kutoka uwanja wa mpira. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa cha kushonea, cha nyuma cha kulala. Mumewe, Ignace, alilinda lango la jengo la ofisi kule Sandton, na ndiye aliyemnunulia ile simu mapema mwaka 2017, ikiwa ndani ya boksi lake, ina harufu ya dukani. Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu Victorine alihesabu programu thelathini na moja ambazo hakuziomba. Moja ilitaja bei ya dhahabu kila saa. Nyingine ilitangaza mbio za farasi, nyingine ilifundisha kuoka keki, nyingine ilihesabu hatua za mtu anayeshinda ameketi, na nyingine, jamani, ilifundisha kulala usingizi. Zote pamoja zilikuwa zimeijaza simu hata nafasi iliyobaki ikawa kama kibanda cha kuku, na tundu la kadi ya kuongeza nafasi halikuwapo.

Haya yote angeyavumilia kama si Murielle.

Murielle, mzaliwa wa Lubumbashi, alijifunza kushona mwaka 2011 juu ya meza hii hii ya Victorine. Miezi mitatu tu alikaa, akaenda zake. Sasa alikuwa na duka barabara kuu ya Kensington, lenye dirisha refu la kioo na sanamu mbili za kuvisha nguo. Na alikuwa na simu. Simu ile, Mungu ampe nini tena, ilikuja tupu. Mteja aliyeuliza ameshona nini, Murielle alimpa simu mkononi, na mteja akaburuza kidole juu ya picha mia tisa: arusi, ubatizo, mahafali, kila vazi tangu duka lifunguliwe. Victorine alikuwa na picha kumi na moja. Alikuwa ameshona mara tatu zaidi ya Murielle, lakini kila kazi mpya ilipoingia, ilibidi afute picha za kazi ya zamani, kwa kuwa gofu haifutiki. Alipoiwaza ile simu ya Kensington, nyeupe ndani, yenye nafasi ya kutupa, alisikia kitu kama pilipili kikimpanda kooni.

Nafasi hiyo aliihitaji kuliko fundi yeyote, kwa sababu ya namna yake ya kupima. Zamani alikuwa akiandika vipimo kwenye daftari, mpaka siku mteja mmoja alipolifungua akasoma kiuno cha mwenzake kwa sauti mbele ya kwaya nzima. Wale wanawake wawili hawakusalimiana mwaka mzima. Victorine alilichoma daftari. Tangu hapo mikono yake ilishika utepe, na mdomo wake ulinong'ona vipimo kwenye simu iliyokaa ndani ya mfuko wa kifuani wa aproni. Gauni likishakamilika, aliifuta ile sauti mbele ya mwenyewe. "Nimekusahau, mama," alisema, na mama huyo akaondoka akitabasamu. Bertrams nzima ilijua kwamba kwa Victorine kiuno cha mtu ni siri.

Ndiyo maana mwaka 2018 kwaya ya akina mama ilimjia.

Kila Oktoba kanisa lao lilikuwa na Jumapili ya ukumbusho, na kwaya iliingia na sare mpya. Kabla ya wimbo wa kwanza, katibu wa kwaya alipanda mbele na kusoma jina la fundi. Watu mia nne walipiga makofi. Mwaka uliotangulia lilisomwa jina la Murielle, na Victorine alipiga makofi na wenzake, viganja vikimuuma kama anapiga ukuta. Kwa miaka tisa jina lake lilikuwa halijatajwa pale hata siku moja.

Katibu alikuwa Mama Emérite, Mrundi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Alikuja na bunda la vitenge vya buluu vyenye pindo la manjano, akaliweka mezani.

"Nimehama kwa Murielle," alisema. "Mwaka jana alinipiga picha ninajaribu gauni, zipu haijafungwa, mgongo wote nje, akaiweka kwenye simu watu waone kazi. Mama mkwe wangu aliuona mgongo huo akiwa Bujumbura."

"Pole sana," alisema Victorine, akiinama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

"Usicheke. Magauni kumi na manne. Jumamosi ya mwisho, saa kumi jioni, nitakuja kukagua kila mtu akiwa ndani ya lake. Likikataa hata moja, jina silisomi la mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Emérite."

"Na Murielle naye ni mwanakwaya. Utampima kama wengine."

Victorine alilivuta lile bunda upande wake wa meza.

Siku ya kupima ilikuwa Jumamosi. Saa sita mchana simu ilimtahadharisha kwamba nafasi inakaribia kwisha. Aliikandamiza gofu, ikakataa. Akakandamiza farasi, wakakataa. Akafuta picha za gauni la arusi la Arlène, kazi iliyomchukua mwezi mzima, zile ambazo alikuwa ameapa hatazigusa. Kisha akawasha kinasa sauti, akatia simu mfukoni, akaiacha irekodi moja kwa moja. Wanawake waliingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, akanong'ona vipimo vya wote kumi na wanne. Murielle aliingia wa mwisho, ananukia vizuri, ameinua mikono kama mtu anayekaguliwa na polisi.

Victorine alimpima haraka haraka, macho yakiwa ukutani. Hakutaka kumtazama. Vipimo vilitoka mdomoni bila kupita kichwani.

Jumatatu, mkasi mkononi, akaisikiliza simu. Mwanamke wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa. Halafu sauti yake mwenyewe ikasema, "Mabega, arobaini na..." Kimya. Akairudisha nyuma. Kimya kile kile. Kwenye kioo palikuwa na maandishi madogo ya kumwarifu kwamba nafasi imekwisha, na chini yake taarifa ya furaha kutoka kwa wale wa keki: leo tuoke nini?

Alitoka mbio na aproni yake mpaka kwenye kibanda cha Vuai, Mzanzibari anayetengeneza simu pembeni ya duka la mboga. Vuai aliigeuza simu, akaiwasha, akaguna.

"Dada yangu, hizi hukuziweka wewe. Hizi zimezaliwa nayo."

"Zitoe."

"Hazitoki. Naweza kuzizima. Zikizimwa zinalala, lakini kitanda hawakuachii."

"Sasa mimi nimenunua simu au nimenunua chumba chenye watu ndani?"

"Umenunua chumba chenye watu ndani, na kodi unalipa wewe." Vuai alicheka, kisha alipouona uso wake akaacha. "Ipo njia ya kuvunja kufuli. Lakini inaweza kufa kabisa, na hizo sauti zako tisa ziende nayo. Unataka?"

"Sitaki. Na hizo tano zilizopotea?"

"Hazikupotea, hazikurekodiwa. Siwezi kukurudishia ambacho hakikuwapo. Sharp, mama? Tumeelewana?"

"Si sharp," alisema Victorine. Halafu, akiwa amekwisha kugeuka, akauliza kama mtu asiyejali, "Na simu ya yule dada wa Kensington, unaijua?"

"Murielle? Eish! Ile ni nyeupe kama uwanja siku ya Jumatatu."

Afadhali asingeuliza.

Wanawake wanne kati ya watano hawakumpa shida. Aliwaita, akasema anataka kuhakikisha mabega, wakapimwa upya, wakaenda. Alibaki Murielle. Ilikuwa neno moja tu la kupeleka: njoo nikupime tena. Mara tatu Victorine alilianza, mara tatu akaliacha. Murielle angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa simu. Angeitoa yake mkobani, aipapase, aseme kwa ile sauti tamu, akimwita yaya kama dada mkubwa anavyoitwa kwao, pole yaya, mimi yangu haijawahi kujaa. Hapana. Fundi mwenye macho, Victorine alijiambia, hahitaji kumgusa mtu mara mbili.

Jumatano akaenda Kensington. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la Murielle, karibu na robot, zile taa za kuongozea magari. Taa ziligeuka nyekundu, kijani, nyekundu tena, watu wakavuka na kumpita, yeye kasimama pale pale. Ndani ya kioo Murielle alikuwa akimvalisha sanamu koti. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya zabibu, mkanda mwembamba umekaza kati. Alijipinda kuokota kitu, akanyooka, akacheka na mteja. Kiuno kile! Victorine alikitazama mpaka macho yakamwasha. Aliona kiuno cha mwanamke anayelala vizuri, mwenye duka la kioo, mwenye simu tupu, mwanamke ambaye hata kuinama kwake kunapendeza. Moyo wake ukataja namba yenyewe: sentimita sabini na moja.

Akarudi nyumbani, akakata sabini na moja.

"Umempima lini Murielle?" aliuliza Ignace, aliyekuwa akinywa chai kabla ya zamu.

"Nimempima."

"Mbona umekasirika?"

"Nani amekasirika? Nenda kazini kwako."

Jumamosi ya mwisho ikafika. Kuanzia asubuhi akina mama walikuja kuvaa, na gauni baada ya gauni likakubali. Kumi na tatu. Mama mmoja alizunguka mbele ya kioo mara saba akisema kwamba kwa gauni hili hata mumewe atarudi kanisani. Victorine alihisi jina lake likikaribia, kana kwamba tayari lilikuwa kwenye karatasi ya Mama Emérite na wino unakauka.

Saa nane na nusu akaingia Murielle. Wenzake walikuwa wamekwisha kwenda mazoezini na magauni yao. Alichukua gauni lake, akapita nyuma ya pazia. Ikasikika zipu ikipanda, ikasimama. Ikashuka. Ikapanda tena, ikasimama pale pale.

"Yaya Victorine."

"Naam."

"Hili umenishonea mimi au binti yangu Diane?"

Victorine akafungua pazia. Kati ya meno ya huku na meno ya huku ya zipu palikuwa na vidole vitano. Gauni lilikuwa limembana Murielle chini ya kifua kama bandeji. Halikukataa kidogo, lilikataa kabisa.

"Kiuno chako ni ngapi?" aliuliza Victorine.

"Si ulininong'onea mwenyewe? Themanini na sita. Nikakwambia usinong'one, piga kelele, mimi sina aibu."

"Themanini na sita? Haiwezekani. Mimi nimeona sabini na moja."

"Umeona wapi?"

"Dirishani."

Neno lilikwisha kutoka. Murielle aligeuka mzima mzima, gauni likiwa limemshika nusu.

"Dirishani wapi, yaya?"

Victorine aliketi juu ya kiti cha cherehani, na kwa kuwa hapakuwa na uongo uliokuwa tayari, akasema kweli: simu ilijaa, gofu na farasi waliijaza, sauti ikakatika, akaona haya kumwita, akaenda kusimama kwenye robot.

Murielle alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Sabini na moja! Nilipoolewa sikuwa na sabini na moja! Yaya, ule ni mkanda, na ndani kuna nguo ya kubana tumbo, na mstari wa kiuno nimeupandisha juu. Nani alinifundisha kuupandisha? Si wewe, hapa hapa?"

Victorine alitamani acheke naye, lakini kicheko hakikuja. Alichoona ni saa ya ukutani. Saa tisa kasoro dakika kumi. Ndani ya mishono alikuwa ameacha akiba ya kidole kimoja kila upande, haitoshi. Kitenge kilikuwa kimekwisha. Yalibaki mabaki tu kwenye mfuko chini ya meza, pindo la manjano alilolikata kutoka kwenye vitambaa vyote kumi na vinne. Akalivuta, akalitandaza. Lilikuwa jembamba, lakini refu.

"Ubavuni," alisema.

"Kutoka kwapani mpaka magotini," alisema Murielle, ambaye alikuwa amekwisha kulivua gauni, amejifunga khanga, na ameketi kwenye cherehani ya pili, ile ya wanafunzi.

"Acha. Nitashona mwenyewe."

"Pande mbili kwa saa moja, peke yako? Kulia mimi, kushoto wewe. Fumua."

Victorine alifumua. Walishona wamepeana migongo, bila maneno, cherehani mbili zikinguruma, na kila mara cherehani ya nyuma yake iliponyamaza, Victorine alikaza mguu ili asipitwe. Mshono wa Murielle ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Hilo pia lilimuuma.

Saa kumi kasoro kidogo Murielle alivaa. Zipu ilipanda mpaka juu bila kusita. Mistari miwili ya manjano ilishuka ubavuni, ikamkata pande zote mbili, na sasa, Mungu wangu, kiuno chake kweli kilionekana sabini na moja. Kati ya wanawake kumi na wanne waliovaa sawa, yeye peke yake angeonekana kutoka mlango wa mwisho. Victorine alikuwa amemshonea mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kosa lake.

Mama Emérite aliingia bila hodi, akitoka kuwakagua wengine mazoezini. Alimzunguka Murielle, akavuta pindo, akapitisha kidole kwenye mistari ya manjano. Kisha akatazama cherehani ya pili, ambayo kiti chake kilikuwa kimevutwa nyuma, na nyuzi za manjano zilizotapakaa chini yake.

"Wengine hawana hii mistari."

"Hawana," alisema Victorine.

"Nani ameshona hapa?"

Murielle aliangalia kucha zake. "Mimi nilikaa tu, miguu ilikuwa inauma," alisema.

Victorine angeweza kunyamaza. Jina lilikuwa mlangoni, lilihitaji kunyamaza tu. Lakini kupewa na Murielle, kama vile mtu anavyopewa khanga ya zamani, kulimshinda.

"Upande wa kushoto ni wangu," alisema. "Wa kulia ni wake. Nilimkosea kipimo. Na kumi na tatu ni zangu zote, mshono kwa mshono."

Mama Emérite aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Nilisema gauni likikataa, jina silisomi. Gauni halijakataa, limekubali," alisema. "Lakini limekubali kwa mikono minne."

"Kwa hiyo utasoma nini?"

"Nitakwenda kufikiri. Kesho njoo kanisani uketi mbele."

Kesho yake Victorine akaketi mbele, safu ya tatu, Ignace kando yake ndani ya koti la arusi yao. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye kuta. Ngoma ilianza kule nje, milango ikafunguliwa, na kwaya ikaingia kwa hatua ndogo ndogo, buluu tupu isipokuwa mistari miwili ya manjano. Murielle alitangulia, kwa kuwa ndiye anayeanzisha nyimbo. Vichwa viligeuka. Mwanamke wa safu ya pili alimgusa mwenzake, akamnong'oneza, "Ona ile mistari ya ubavuni! Nani amemshonea?" Victorine alisikia, na pilipili ikampanda kooni kama kawaida, lakini safari hii hakujua amwonee wivu nani: yule aliyelivaa, au yule aliyelishona.

Kwaya ikajipanga. Ngoma ikanyamaza. Mama Emérite akapanda mbele, akatoa karatasi kwenye mfuko, akaikunjua, akavaa miwani. Maikrofoni ikapiga yowe, akaigonga kwa kucha, ikatulia.

"Mama zetu leo," alisema, "wameshonewa na..."

Victorine aliukamata mkono wa Ignace. Jina la Murielle huanza kwa midomo kufungwa. Lake huanza kwa meno kugusa mdomo wa chini. Akaukazia macho mdomo wa Mama Emérite, bila kupumua, akiungoja usogee.